Kubadilisha oili ya difu kwenye Land Cruiser: nati ya juu kwanza

Mvua za Agosti zikishika huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, gari la kazi halichagui njia. Unatoka Arua kwenye lami, unaelekea Yumbe, ukishaingia njia za ndani za makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi unakuta vijito ambavyo mwezi wa pili ulivivuka bila kulowesha viatu. Sasa maji yamefika katikati ya tairi. Unaweka gia ya nguvu, unapita, unamshukuru Mungu, unaendelea na safari. Lakini kule chini difu mbili, yale mafundo ya chuma katikati ya ekseli yenye meno ya kugawa nguvu kwa matairi, zilizokuwa za moto zimekaa ndani ya maji baridi kwa dakika nzima. Hewa iliyo ndani ya difu ikipoa ghafla inajikunja, na inapojikunja inavuta chochote kilicho karibu. Kama sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, imechoka au bomba la kupumulia limeziba, kinachovutwa ni maji.

Hayo maji hayapigi kelele siku hiyo. Yanakaa, yanachanganyika na oili, yanaanza kula beringi. Miezi miwili baadaye gari linaanza kulia kama ng'ombe ukifika kilomita 60 kwa saa, na hapo mwenye gari anaambiwa bei ya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo zilizo ndani ya difu. Anayebadilisha oili kwa wakati hakutani na bei hiyo.

Maelezo haya ni ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile hardtop na pikapu zenye ekseli nzima mbele na nyuma, maana ndizo zinazobeba kazi yetu: wagonjwa, dawa, mahindi, watu. Mwenye Hilux atafuata sehemu ya difu ya nyuma kama ilivyo. Ya mbele kwake imeundwa tofauti, ila kanuni haibadiliki.

Na kanuni yenyewe ninaitaja mapema, hata kama mengine yote utayasahau: usiguse nati ya chini, ya kumwagia oili, kabla nati ya juu, ya kujazia, haijalegea.

Niliijua kwa shida. Nilikuwa na pikapu iliyotoka kufanyiwa huduma katika gereji moja mjini. Baada ya kuvuka mto nikaona ni busara kumwaga oili palepale, chini ya mwembe, kwa sababu nilikuwa na oili mpya nyuma. Nikafungua nati ya chini, oili yote ikatoka. Nikahamia nati ya juu, ile ya kujazia. Ilikuwa imekazwa kwa bomba refu, na kona zake zilikwisha kuliwa. Soketi ikazunguka bure, na kila nikijaribu tena kona zikazidi kuisha. Difu tupu, jua linazama, na nyuma kuna watu wanaosubiri kufika nyumbani.

Kilichotuokoa ni tundu la kupumulia. Juu ya ekseli kuna kizibo kidogo cha hewa. Nilikifungua, nikaingiza mpira mwembamba, tukawa tunamimina oili kidogo kidogo kwa karibu saa mbili, huku taniboi wangu ameshikilia chupa juu ya kichwa chake. Nilijua kiasi cha kuweka kwa sababu nilikuwa nimepima kilichotoka. Tuliondoka polepole mpaka kwa fundi wa kuchomelea, akachomelea nati nyingine juu ya ile iliyoliwa, na joto la kuchomelea likailegeza. Ilitoka kwa spana moja tu. Kumbuka mbinu hiyo, lakini usiitegemee.

Oili gani, na kiasi gani

Ndani ya difu pinioni haikutani na krauni katikati. Inakaa chini kidogo ya mstari wa katikati, kwa hiyo meno yake yanasukumana na pia yanatelezeana, kwa shinikizo kubwa sana. Oili ya injini haiwezi kazi hiyo. Inahitajika gia oili yenye dawa za salfa na fosforasi, na ndiyo maana ukifungua chupa unasikia ile harufu kali inayokaribia ya yai lililooza. Kwenye chupa tafuta maandishi GL-5. Uzito uwe 80W-90 au 85W-90. Kwa joto la Arua, Moyo au Adjumani zote mbili zinafaa.

GL-4 ni oili nzuri, lakini kiasi cha dawa zake ni kama nusu ya GL-5, na kazi yake ni giaboksi. Usiiweke kwenye difu. Na usifanye kinyume chake, kuweka GL-5 kwenye giaboksi inayotaka GL-4, kwa sababu salfa nyingi inaweza kuzila ringi za shaba zilizo ndani ya giaboksi.

Ukiwa na difu ya nyuma ya aina ya LSD, ile inayojishika yenyewe tairi moja likiteleza, nunua oili iliyoandikwa LSD. Ukiweka ya kawaida, gari litaanza kutetemeka na kugonga kila unapokata kona. Difu yenye loki ya swichi haina shida hiyo, inatumia GL-5 ya kawaida.

Difu ya nyuma inachukua lita 3 na kidogo, ya mbele inakaribia lita 3. Nunua lita 7 uwe na akiba. Nunua chupa zilizofungwa, zenye kifuniko kisichochezewa, kwenye duka ambalo ukirudi kesho utamkuta mwenye duka. Oili ya kupimiwa kwenye jagi kutoka pipa lisilo na jina mimi siitaki, kwa sababu hakuna anayeweza kuniambia ilikuwa nini kabla ya kuwa oili ya difu.

Vifaa

Soketi namba 24 ndiyo inayofungua nati za difu kwenye Land Cruiser nyingi. Iwe ya pembe sita. Ile ya pembe 12 inashika ncha za kona tu, na ndiyo inayozila. Baadhi ya magari yana nati ya shimo, na hapo unahitaji aleni namba 10. Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari uangalie.

Mbali na hapo: mpini mrefu wa soketi, brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, karai pana la lita 5 au zaidi, matambara safi, jerikani ya kubebea oili chafu, na washa mpya nne (pete bapa za kuzibia zinazokaa chini ya nati), mbili kwa kila difu. Washa ni kitu kidogo ambacho watu wanakidharau. Ni laini kwa makusudi, inabonyea ili izibe, na ikishabonyea mara moja haizibi tena vizuri. Arua zinapatikana. Ukizikosa, atakayekwenda Kampala akuletee kutoka soko la vipuri la Kisekka, basi la usiku litakufikishia. Nunua nane kabisa.

Kwa kujazia, pampu ya mkono ni bora. Usipokuwa nayo, mita moja na nusu ya mpira safi na faneli vitatosha.

Kuandaa gari

Endesha kilomita 10 hivi kwanza. Oili ya vuguvugu inatoka upesi na inabeba uchafu uliokuwa umetulia. Lakini kama unashuku maji, fanya kinyume: acha gari lilale usiku kucha, uanze kazi asubuhi kabla ya kuwasha injini. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa yameshuka chini kabisa, na ukilegeza nati ya chini kidogo tu yatatangulia kutoka, meupe, kabla ya oili. Huo ndio ushahidi usio na ubishi.

Simamisha gari mahali tambarare, pasipo mteremko hata mdogo, kwa sababu kimo cha oili kinapimwa na shimo lenyewe. Vuta breki ya mkono, weka gia, zuia matairi kwa mawe mbele na nyuma. Usilinyanyue gari. Land Cruiser iko juu vya kutosha, mtu mzima anaingia chini yake akilala chali, na likisimama juu ya matairi yake manne ndipo liko salama na limekaa sawa. Nimeona gari limewekwa juu ya matofali ya kuchoma na mtu yuko chini. Tofali linapasuka bila kukuonya. Kama ni lazima kunyanyua, tumia stendi za chuma, na jeki isiachwe peke yake.

Kumwaga

Anza na ya nyuma. Sugua nati zote mbili na sehemu zinazozizunguka kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Udongo wetu mwekundu ukishakauka unakuwa kama saruji. Ukiacha donge juu ya nati, soketi haitakaa mpaka mwisho, na donge lenyewe litadondokea ndani ya difu. Pulizia dawa ya kulegeza kutu, kanywe chai, urudi.

Nati ya juu sasa. Gonga kichwa chake mara tatu nne kwa nyundo, kwa nguvu ya wastani, ili kutu ishtuke. Ingiza soketi mpaka ifike mwisho, shika mpini, vuta kwa nguvu moja iliyotulia. Usivute kwa kurukaruka. Ikigoma, rudia dawa, rudia nyundo, subiri hata mpaka kesho. Gari lenye oili chafu linatembea. Lisilo na oili halitembei.

Imelegea? Itoe kabisa. Ingiza ncha ya kidole chako ndani ya shimo, ukikunje kuelekea chini. Kikigusa oili palepale kwenye ukingo, kimo kilikuwa sawa. Usipoigusa, oili ilikuwa pungufu, na unapaswa kutafuta ilikopotelea: kwenye sili ya pinioni mbele ya difu, au kwenye ncha za ekseli. Chungulia upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Ukiona unyevu mweusi pale kwenye drumu, oili inaingia kwenye laini za breki, zile zinazosugua drumu, na hilo halisubiri huduma ijayo. Lishughulikie wiki hiyo hiyo.

Weka karai, legeza nati ya chini, uimalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu mpaka uzi wa mwisho, kisha uiondoe kwa mara moja. Oili itaruka mbele mwanzoni, halafu itarudi wima kadiri inavyopungua. Sogeza karai kwa kuifuata. Iache idondoke robo saa nzima.

Kusoma kilichotoka

Hapa ndipo mafundi wengi wana haraka, na hapa ndipo mimi nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Oili iliyotoka inakueleza hali ya chuma ambacho huwezi kukiona.

Nyeusi au kahawia iliyoiva, inayong'aa, bila kitu ndani: imezeeka tu, na difu ni nzima. Yenye rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Hata kama ni ya wiki mbili tu, itoe. Yenye harufu ya kuungua, nyepesi kama maji: gari limebebeshwa kupita kiasi au limekwenda muda mrefu na oili pungufu.

Kisha nati ya chini. Nyingi zina sumaku katikati, na sumaku hiyo itakuwa imevaa ndevu za kijivu. Usishtuke. Chukua kidogo uzisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Zikiwa laini kama wanja, zikaenea kwenye ngozi na kuacha doa la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida wa meno yanayofanya kazi. Ukihisi chembe zinazokwaruza kama mchanga wenye makali, beringi zimeanza kuchoka: badilisha oili, tembea kilomita 1,000, fungua tena ulinganishe. Ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa kucha, chenye upande mmoja uliovunjika na unaong'aa, hilo ni jino au kipande cha beringi. Usijaze oili ukadhani umemaliza. Difu lazima ifunguliwe, kwa sababu kipande kimoja kilichobaki ndani kinavunja kingine.

Siku moja kijana anayejifunza kwangu aliipangusa sumaku kwa tambara kabla sijaiona, akanipa iking'aa. "Mzee, nimeshaisafisha," akaniambia kwa furaha. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ilikuwa barua, na umeifuta kabla ya kuisoma." Tangu siku ile ananiita kabla ya kugusa tambara.

Kama oili ilikuwa na maji, kujaza mara moja hakutoshi. Weka GL-5 ya bei nafuu, nayo iwe safi, endesha kilomita 20, imwage tena. Ikitoka bado ina weupe, rudia. Kuna wanaosafisha difu kwa dizeli. Mimi sifanyi hivyo. Dizeli inabaki kwenye beringi na pembeni za ekseli, kisha inaipunguza nguvu oili mpya uliyoilipia.

Kujaza

Safisha nati ya chini, vua washa ya zamani (wakati mwingine imeng'ang'ania kwenye difu, itafute hapo kwa ncha ya kisu), vika mpya, uifunge. Kwa vidole kwanza, mizunguko mitatu minne, ndipo soketi. Nati iliyoanza kuingia upande inaharibu uzi wa difu yenyewe, na hilo ni tatizo kubwa kuliko nati. Nguvu ya kukaza ni karibu 50 Nm kwenye Land Cruiser nyingi, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Bila spana ya kupimia, ni nguvu ya mkono mmoja wa mtu mzima kwenye mpini wa kawaida. Usiongeze bomba wala usiukanyage kwa mguu. Aliyeikaza ile ya kwangu kwa bomba hakuwepo chini ya mwembe jioni ile.

Gia oili ni nzito kama asali. Ianike juani saa nzima kabla ya kujaza, jua la Arua litaifanya itiririke. Kwa pampu ya mkono ni kazi ya dakika kumi. Kwa mpira, pitisha ncha moja kutoka juu ya tairi la nyuma mpaka ndani ya shimo la juu, ncha nyingine iwe na faneli iliyoinuliwa juu ya ubavu wa bodi, mtu mmoja amimine taratibu na mwingine awe chini akiangalia.

Jaza mpaka oili ianze kutoka yenyewe kwenye shimo. Acha ziada imwagikie karai mpaka idondoke tone moja moja. Kipimo ni ukingo wa chini wa shimo, au milimita 5 chini yake, si zaidi ya hapo. Usiinamishe gari ili iingie nyingi. Oili ya ziada inapata joto, inatanuka, inatafuta njia kwenye sili. Kisha washa mpya, nati ya juu, nguvu ileile.

Ya mbele inafuata njia hiyo hiyo. Watu wengi wanaisahau kwa kusema haifanyi kazi mpaka uweke gia ya magurudumu manne. Ni kweli inafanya kazi kidogo, lakini ikifika mtoni inazama sawasawa na ya nyuma. Ina jambo lake moja la kuangalia: vile vichwa vya duara vilivyo nyuma ya matairi ya mbele, ambavyo vinajaa grisi. Kati ya kichwa hicho na difu kuna sili. Ikifa, oili ya difu inahamia kwenye grisi, inaifanya uji, na utaona kichwa kimelowa chote huku difu ikiwa pungufu. Kuongeza oili ni kujaza ndoo iliyotoboka. Agiza sili na upange siku ya kukifungua.

Bomba la kupumulia

Usitoke chini ya gari kabla ya kulikagua. Difu ikipata joto inapumua kupitia kizibo kile cha juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, shinikizo la ndani linasukuma oili kupitia sili. Ukiingia mtoni, mvuto unarudi kinyume na kunyonya maji. Kifungue, kisafishe kwa petroli kidogo, hakikisha kinapitisha hewa. Kama gari lako linavuka maji mara kwa mara, ondoa kizibo na uweke mpira mrefu unaopanda mpaka juu, chini ya boneti au nyuma ya taa, ulioachiwa nafasi ya kutosha springi zinapocheza. Gharama yake haifiki bei ya lita moja ya oili nzuri, na sijaona kitu kingine cha bei hiyo kinachoiokoa difu kama hicho.

Baada ya kazi

Oili chafu iingie kwenye jerikani, ifungwe. Najua inapakwa kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, na najua wengine wanaimwaga nyuma ya gereji. Maji tunayokunywa huku yanatoka kwenye visima vya pampu, chini ya udongo huohuo. Kusanya jerikani kadhaa, uzikabidhi kwa wanunuzi wenye leseni ya kukusanya oili chafu.

Kwa njia zetu mimi nabadilisha kila kilomita 20,000, na ninafungua kuangalia kila mara maji yanapopita juu ya ekseli, hata kama nilibadilisha mwezi uliopita. Siku mbili baada ya kazi ingia chini tena na tambara kavu, pangusa chini ya kila nati uangalie kama linaloa. Ukikuta liko kavu, chukua rangi nyeupe uandike kilomita za leo kwenye tumbo la difu, upande wa juu ambako mawe hayafiki, ili atakayelala chini ya gari hilo baada yako asilazimike kuuliza.